Kompyuta ya Ofisi ya Baba Mkwe

Simu ililia mara moja ikakatika. Ikalia tena.

Ambwene aliidaka akiwa na povu la dawa ya meno mdomoni.

"Bi harusi katoroka," sauti ikasema.

"Haiwezekani, Mjomba. Jana nimewakagua mabibi harusi wote. Wako nyumbani."

"Basi kawatazame tena. Wachumba wa kigeni wanajigamba kwamba leo, kabla jua halijazama, watakuwa wanaijua mahari. Tumewasikia wenyewe."

"Wanajigambia wapi?"

"Simu ya setilaiti. Iko huko huko milimani kwenu. Ukiniharibia hii, Ambwene, usirudi Dar. Baki huko ulime viazi."

Simu ikakatwa.

Ambwene alitema povu, akavaa bastola yake ya Makarov chini ya kwapa, akavuta koti la mvua juu yake. Tukuyu ilikuwa inanyesha. Tukuyu lini hainyeshi?

Sasa nikufumbulie, maana maneno ya majasusi ukiyasikia juu juu utadhani kweli watu wanaandaa harusi. Mjomba alikuwa mkuu wake wa kazi katika Idara ya usalama, Dar es Salaam. Bi harusi ni kompyuta. Mahari ni bei. Bei yenyewe ilikuwa siri kubwa kuliko zote wilayani Rungwe mwaka ule wa 1999, mwaka wa soko huria, serikali ilipokuwa inauza kila chenye bati na bomba. Kiwanda cha chai cha Mbaka kilikuwa kimewekwa mnadani. Wakulima wa Ushirika wa Mbaka, wale wanaoamka na umande kuchuma majani, walikuwa wamekubali kukatwa kidogo kidogo katika kila kilo, miaka nenda miaka rudi, ili kiwanda wakinunue wao. Bahasha za bei zingefunguliwa Dar Jumatatu. Bei ya wakulima ilijulikana kwa watu wawili tu duniani: mwenyekiti, Mzee Geresoni, na wakili wake. Na ilikuwa imefungiwa kwa neno la siri ndani ya Compaq iliyokaa mezani kwa mzee.

Kampuni moja ya wageni ilikitaka kiwanda hicho kwa udi na uvumba. Ingeijua tu bei ya wakulima, ingeongeza shilingi moja juu yake na mchezo ungekwisha. Mkulima angebaki kuuza majani kwa bei anayoambiwa, yeye na wajukuu zake.

Ndiyo maana Idara ilimtuma Ambwene. Kijana wa huku huku, anayejua njia, lugha na watu. Alikuja na kitambulisho cha mkaguzi wa vifaa wa wafadhili, na kwenye begi alikuwa na Toshiba ndogo yenye jedwali la Excel. Kompyuta zote za Ushirika zilikuwa humo, kila moja na mstari wake: iko chumba gani, ni ya aina gani, namba yake ya kiwandani, nzima au mbovu, na kwenye safu ya mwisho, nani aliyeiona kwa macho. Kompyuta yoyote ikihama, jedwali lingepiga kelele.

Jedwali lilikuwa kimya.

Aliwasha Yamaha yake, akateremka kupitia Msasani ya Tukuyu, matope yakiruka mpaka magotini. Wauza ndizi walikuwa wamejibanza chini ya mabati. Alikuwa amekagua mwenyewe, jana tu, chumba hadi chumba. Kosa lilikuwa wapi?

Ofisini alifungua Toshiba kwenye meza ya barazani akaanza upya. Mapokezi, ipo. Mhasibu, zipo. Mizani, ipo. Stoo, mbovu moja imetoka asubuhi kwa kibali kwenda matengenezo; akainakili kutoka daftari la getini. Alizunguka na tochi, akapiga magoti chini ya meza za watu, akasoma namba zilizobandikwa migongoni mwa makasha. Zote sawa. Kwa mwenyekiti alichungulia tu mlangoni: Compaq ipo mezani, chini ya kitambaa chake. Alirudi barazani, akakaa, akainuka, akakaa. Mlinzi akamuuliza kama amekalia siafu.

Ndipo Elina alipotokea getini.

Elina alikuwa mtunza vifaa wa Ushirika. Binti mtulivu, mwenye kazi safi. Jedwali lile alilijaza yeye. Alikuwa anakuja na faili kifuani, na wakati huo huo mlango wa ofisi ya mwenyekiti ukafunguliwa, Mzee Geresoni akatoka kutazama mvua.

Elina aliwahi kabla mzee hajageuza shingo. Alivuta kitenge kichwani mpaka machoni, akageukia ukuta, akaiacha njia ya saruji na kupita nyuma ya jengo, kwenye tope la kumezea viatu. Mzee naye akatazama juu, kwenye bati, mpaka hatua za yule binti zilipopotea.

Ambwene aliona yote hayo na hakushtuka hata kidogo. Elina ameolewa na mtoto wa mzee. Kwa Wanyakyusa walioshika mila, mke wa mwana hatazamani na baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hagusi kiti chake, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani. Wala si ugomvi. Ni heshima, na heshima si utumwa. Ambwene alimwona mama yake akifanya hivyo miaka yote ya utoto wake.

Akarudisha macho kwenye jedwali.

Halafu moyo ukampiga pa!

Safu ya mwisho. Aliyeona kwa macho. Mistari yote ilikuwa na herufi E, E ya Elina, kutoka juu mpaka chini. Isipokuwa mmoja, ofisi ya mwenyekiti. Huo ulikuwa na B.

B ya Baraka, fundi wa kompyuta. Kijana wa Isongole aliyesomea Dar akarudi na miwani ya jua na maneno matamu. Jana, Elina alipofika kwenye mlango wa mzee alisimama. Baraka akampokea karatasi kwa tabasamu, akaingia, akasoma namba kwa sauti, akasema ipo. Na Ambwene, jasusi mzima, alisimama barazani na Elina akiangalia barabara, akaona ni sawa kabisa. Jasusi wa Dar angeuliza: kwa nini chumba hiki tu hakikuguswa na mwenye kazi? Yeye hakuuliza, kwa sababu kwao jambo hilo haliulizwi. Idara ilimtuma kwa kuwa ni mwenyeji, na uenyeji ukamfumba macho. Alijitukana kimoyomoyo kwa Kinyakyusa.

"Shikamoo tata," alimwamkia Mzee Geresoni, yaani baba kwa Kinyakyusa, tayari amekwisha kuingia ofisini kwake.

"Marahaba. Kuna nini?"

Ambwene alikuwa ameshaondoa kitambaa cha kufuma kilichoifunika Compaq. Mzee aliitunza kama altare ya kanisani, hakuna aliyeiwasha asipokuwapo wakili. Akaligeuza kasha, akamulika, akasoma. Kwenye Toshiba aliiandika ile namba, akabonyeza kutafuta.

Jedwali likaruka mpaka mstari wa stoo. Compaq. Mbovu. Imetolewa leo asubuhi kwenda kutengenezwa Mbeya. Amechukua Baraka. Ameidhinisha Elina.

Hii ndiyo ilikuwa ile mbovu. Ile nzima, yenye bei, imepita getini mchana kweupe kwa jina la maiti, namba ya maiti imenakiliwa na kubandikwa mgongoni mwake.

Alimweleza mzee kwa maneno machache. Mzee Geresoni hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, akasema Alhamisi Baraka alikaa humu ndani peke yake, eti anafuta vumbi, na yeye mwenyewe ndiye aliyempa ufunguo. Kisha akauliza swali moja.

"Nimewaambia nini watu wangu, Ambwene? Kwamba wasubiri. Kila msimu nimewaambia wasubiri. Jumatatu nitawaambia nini?"

Ambwene alichukua Toshiba yake. Alitoka nje.

Nyuma ya jengo Elina alikuwa anakwangua tope viatuni. Alipoelezwa aliacha kukwangua. Hasira ilikuwa ndani yake zaidi ya hofu. Akasema dereva wa pikapu iliyombeba Baraka alirudi mapema mno, na alipomuuliza alidai Baraka hakwenda Mbeya. Aliomba ashushwe Masoko, karibu na wale wazungu wa ziwani wanaotafuta hela za Mjerumani.

Hela za Mjerumani! Kila mtoto wa Rungwe anajua zile hadithi, kwamba Wajerumani waliposhindwa vita walitumbukiza mali yao Ziwa Masoko. Kila baada ya miaka anatokea mgeni na mpira wa kuzamia, anapiga mbizi, anaondoka mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo hakuna anayemuuliza kwa nini ana jenereta, hema na simu ya setilaiti.

Ambwene akabonyeza simu yake ya Motorola.

"Mpwa kwa Mjomba. Bi harusi yuko Masoko, ziwani. Nataka wasindikizaji."

"Wako Kasumulu, mpakani. Mvua imekula barabara. Watachelewa."

"Basi waje kuzoa."

Alipogeuka, Elina alikuwa ameshapanda nyuma ya Yamaha, kitenge kimefungwa kiunoni.

"Shuka, dada. Hawa wana silaha."

"Sahihi iliyoitoa ni yangu," Elina akasema. "Ikipotea, nitafungwa mimi, na baba mkwe ataonekana kapokea rushwa kupitia kwangu. Endesha."

Akaendesha.

Barabara ya Masoko siku ya mvua ni sabuni. Yamaha iliruka, ikateleza, ikashika. Migomba ikapita kushoto, mibuni kulia. Kwenye kona moja tairi la nyuma lilitaka kutangulia la mbele, Ambwene akatia mguu chini, wakapona. Nyuma yao, mbali, Land Rover kuukuu ya Ushirika ilikuwa inaunguruma mlimani. Hakuwa na haja ya kugeuka kujua nani yumo. Mzee Geresoni hakuwa mtu wa kukaa na meza yake akingoja habari.

Waliacha pikipiki karibu na jengo kuukuu la mawe lililo juu ya ziwa. Ambwene akamwambia Elina akae hapo hapo, asisogee hata akisikia nini. Elina akaitikia kwa kichwa. Bwana we, kuitikia kwa kichwa si kukubali.

Ziwa lilikuwa chini kabisa, jeusi, limekaa kwenye shimo lake la volkano kimya kimya. Njia ilikuwa moja tu, nyembamba, kichaka upande huu, genge upande ule. Ambwene hakuifuata. Alipenya kichakani, akashuka kwa kushika mizizi.

Hema. Boti ya mpira. Jenereta ya Honda inanguruma.

Chini ya turubai, Compaq ilikuwa imevuliwa ganda, nyaya zimetoka nje, imeunganishwa na mashine nyingine mbili. Mzungu aliyejiita Voss, mtafiti wa maziwa kwa mujibu wa kibali chake, alikuwa ameinamia kioo. Kwenye kiti kando yake ilikuwapo bastola ya Glock na chupa ya konyagi. Baraka alikuwa anazunguka zunguka na miwani yake ya jua, kwenye ukungu.

Baraka aliuliza bado kiasi gani. Voss akajibu kwa Kiswahili kibovu kwamba mlango umeshalegea, dakika chache tu.

Dakika chache!

Ambwene alitambaa mpaka kwenye jenereta. Hakupoteza risasi. Alichomoa kisu, akakata mpira wa petroli.

Honda ikakohoa ikanyamaza. Vioo vikafa.

Voss alitukana kwa lugha yake akaja kuangalia. Alipoinama, kitako cha Makarov kilimshukia nyuma ya sikio. Lilikuwa jitu, halikuanguka. Liligeuka na ngumi iliyomrusha Ambwene juu ya boti. Wakagaagaa kwenye matope na petroli, mzungu juu, Ambwene chini, kisha Ambwene juu. Goti la tumbo. Kiwiko cha koo. Mara Voss akalala, akapumua kwa shida, hakutaka tena.

Pingu zikalia.

Ambwene akageukia turubai. Compaq ilikuwa hapo, lakini tumbo lake lilikuwa tupu. Diski haikuwepo. Glock haikuwepo. Baraka hakuwepo.

Akakimbilia njia.

Alipoifikia, aliinua Makarov. Elina alikuwa ameshuka. Alikutana na Baraka katikati ya njia, akamzuia kwa mikono yake mitupu, na sasa mkono wa Baraka ulikuwa shingoni mwake na mdomo wa Glock kwenye shavu. Diski ilikuwa imechomekwa ndani ya shati. Nyayo za Elina zilikuwa zinateleza ukingoni mwa genge.

"Tupa bunduki, mkaguzi!" Baraka alihema. "Nitamrusha huyu chini."

Ambwene alishusha Makarov taratibu. Hakuitupa.

Ndipo mlango wa Land Rover ulipobamizwa kule juu, na Mzee Geresoni akateremka njia, mkongojo mkononi.

Baraka akacheka. Ambwene alikielewa kicheko hicho, akakichukia. Jamaa alikuwa mtoto wa huku. Alishaitegemea mila mara moja ikampitisha getini salama, sasa aliitegemea tena. Njia nyembamba, mkwe anapanda, baba mkwe anashuka. Mzee ataingia kichakani, atageuza uso kama alivyofanya maisha yake yote. Njia itakuwa wazi mpaka kwenye gari.

"Mzee!" Baraka akaita. "Ni mkweo huyu. Tupishe."

Elina alikivuta kitenge kutoka kiunoni akajifunika uso. Bastola shavuni, kifo mguuni, na bado alijifunika. Ambwene alitaka kulia.

Mzee Geresoni alisimama. Alitazama juu, kwenye miti, kama vile barazani asubuhi ile. Kila mtu alisubiri aache njia.

Kisha alishusha macho, akamtazama Elina. Akaanza kutembea. Hakukimbia, alitembea tu, macho yake kwa yule binti, mkongojo ukichoma matope.

"Mzee, nakwambia pisha!" Sauti ya Baraka ilipasuka. Hesabu yake ilikuwa imekataa. "Huoni ni mkweo?"

"Namwona," mzee akasema.

Glock ikatoka shavuni mwa Elina ikamgeukia mzee. Ambwene hakuhitaji zaidi ya hapo.

Mlio mmoja.

Baraka alipiga yowe, bastola ikaruka kutoka kwenye mkono uliochanika, ikatumbukia ziwani. Lakini katika kuanguka alimsukuma Elina, na miguu ya Elina ikaikosa ardhi. Ambwene alikuwa mbali mno.

Mzee Geresoni hakuwa mbali. Mkongojo aliuacha uende. Alimdaka yule binti kiganja kwa kiganja, akaanguka kifudifudi kwenye tope, akamshikilia. Mkono wa baba mkwe na mkono wa mkwe. Ambwene alipiga hatua, akamkanyaga Baraka mgongoni, akachomoa diski, kisha akasaidia kuvuta.

Elina alikaa chini akitweta. Kitenge kilikuwa kinaelea chini ziwani, hakuwa na cha kujifunika. Akaweka viganja usoni.

"Baba, usinitazame," alisema.

"Nimeshakutazama, mwanangu." Mzee alikuwa analia waziwazi, hakujificha. "Kama mila inadai ng'ombe wa kututakasa, atatoka zizini kwangu. Inuka, utapata baridi."

Alivua koti lake, akaliweka juu ya jiwe kati yao, akageuka akatazama pembeni ili Elina alichukue mwenyewe.

Wasindikizaji walifika wakakuta kazi ya kuzoa tu, kama walivyoambiwa. Voss alidai ubalozi. Baraka alidai daktari, akapewa, na pingu juu yake.

Nisikuweke roho juu bure: Jumatatu bahasha zilifunguliwa Dar. Wageni, kwa kukosa mahari, walibahatisha, wakabahatisha chini. Kiwanda kikawa cha wakulima.

Lakini jioni ile ile ya Jumamosi, Ambwene aliirudisha diski kwenye kasha, akabandua namba ya bandia, kasha mezani, akafungua Toshiba. Mstari wa ofisi ya mwenyekiti. Akafuta B. Akamwita Elina aje aione kwa macho, kazi ikamilike.

Elina alifika mlangoni akiwa na koti la mzee mabegani. Akasimama. Ndani, Mzee Geresoni alikuwa kwenye kiti chake. Ambwene akangoja. Baada ya yote yaliyotokea kule gengeni, alidhani binti ataingia tu.

"Kaka," Elina akamwambia Ambwene kwa sauti ya chini, akiangalia sakafu, "mwombe mzee atoke kwanza."

Mzee alisikia. Akaangua kicheko, cheko la mtu mwenye furaha tele, akainuka, akapitia mlango wa nyuma, akasimama kwenye mvua bila koti. Elina aliingia. Aligeuza kasha, akasoma namba polepole, tarakimu kwa tarakimu, kisha akaandika E yake kwenye ile safu kwa kidole kimoja.

"Ndaga fijo," mzee akaitikia kutoka nje, asante sana ya Kinyakyusa, ingawa hakuna aliyemwambia kitu.

Ambwene alifunga Toshiba, akavaa koti lake lenye harufu ya petroli na kuteremka barazani. Motorola ikalia kiunoni, Mjomba akitaka habari.

"Bi harusi yuko nyumbani," Ambwene akasema. "Na wakwe hawajambo."

Akapiga kiki Yamaha, akashika barabara ya Mbeya kwenye mvua.